Watu Mia Moja Ufukweni: Antaktika Inavyotazamwa kwa Meli Ndogo

Neko Harbour ni ghuba ndogo kwenye Rasi ya Antaktika, mojawapo ya sehemu chache ambako mgeni anakanyaga bara lenyewe badala ya kisiwa cha pembeni. Ukifika hapo kwa meli ya abiria 90, mtashuka nyote pamoja, na mtakuwa na saa mbili au tatu za kuwatazama pengwini wakipanda na kushuka mteremko wa theluji. Ukifika kwa meli ya abiria 400, utasubiri zamu yako, na ikifika utapewa saa moja hivi. Ukifika kwa meli ya abiria 3,000, hutashuka kabisa. Utaiona milima, utapiga picha kutoka kwenye roshani ya chumba chako, kisha nahodha atageuza omo na safari itaendelea.

Tofauti hiyo hailetwi na nauli. Inatokana na kanuni moja inayotawala utalii wote wa Antaktika: mahali pamoja, kwa wakati mmoja, wasiwepo nchi kavu watalii zaidi ya 100, na meli yenye abiria zaidi ya 500 isimshushe hata mmoja. Kanuni hiyo ilianza kama makubaliano ya kampuni zenyewe kupitia chama chao, IAATO, kilichoundwa na kampuni saba mwaka 1991. Mwaka 2009 nchi za Mkataba wa Antaktika zikakubaliana juu ya masharti hayo hayo. Kila watalii 20 walio ufukweni sharti wawe na mwongozaji wao. Kwa hiyo anayetamani kwenda huko, swali la kwanza la kumuuliza wakala lisiwe la ukubwa wa chumba wala la chakula. Aulize meli inabeba abiria wangapi.

Natetea meli ndogo katika makala hii, na sababu zangu nitazieleza. Lakini hata hizo meli ndogo zimeongezeka hadi kufika mahali ambapo lazima mtu aseme basi.

Safari za namna hii zina mwanzilishi anayejulikana. Lars-Eric Lindblad, Mswidi aliyehamia Marekani na kufungua kampuni ya utalii, alikodi meli ya Argentina mwaka 1966 na kuwapeleka Antaktika watu wa kawaida waliojilipia nauli. Miaka mitatu baadaye alikuwa na meli yake mwenyewe, Lindblad Explorer, iliyoundwa Finland mahususi kwa kazi hiyo. Ilikuwa ndogo, bodi lake limeimarishwa kuhimili barafu, na ilipakwa rangi nyekundu. Lindblad aliamini kwamba watu hawatapigania mahali wasipopajua, kwa hiyo alichukua wataalamu wa ndege, wa miamba na wa historia wakae meza moja na abiria na kuwafundisha njiani. Akaleta pia boti za mpira za Zodiac, ambazo hubeba watu kumi hivi na huweza kupanda moja kwa moja juu ya kokoto za ufukweni. Antaktika haina gati la kushushia watalii, na bila boti hizo kila mtu angebaki sitahani.

Bara lenyewe halina mwenyewe. Tarehe 1 Desemba 1959 nchi 12 zilitia saini Mkataba wa Antaktika mjini Washington, Afrika Kusini ikiwa nchi pekee ya Afrika kati yao. Mkataba ulianza kutumika mwaka 1961. Uliyaweka kando madai ya umiliki, ukapiga marufuku shughuli za kijeshi, na ukaliacha bara kwa ajili ya amani na sayansi. Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991, iliyoanza kutumika 1998, ikaongeza marufuku ya uchimbaji madini na kutaka kila shughuli, utalii ukiwemo, ipimwe kwanza athari zake kwa mazingira. Ndiyo maana mgeni hagongewi muhuri wa uhamiaji akifika, ilhali meli iliyomleta lazima iwe na kibali kutoka kwa mojawapo ya nchi za mkataba.

Safari nyingi huanzia Ushuaia, mji wa Argentina ulio ncha ya kusini ya Amerika, yapata kilomita 1,000 kutoka Rasi ya Antaktika. Jioni meli hung'oa nanga na kupita Mkondo wa Beagle, maji yakiwa shwari, milima huku na huku, abiria wakicheka sitahani. Usiku wa manane huingia Mlango wa Drake, na hapo vicheko huisha.

Mabaharia wa pwani yetu ya Afrika Mashariki huijua bahari kwa misimu. Kuna kaskazi, kuna kusi, na kati yake matlai yenye utulivu wa kutegemewa. Mlango wa Drake hauna matlai. Kati ya ncha ya Amerika na Visiwa vya South Shetland kuna kilomita 800 za maji matupu, na katika latitudo hiyo hakuna nchi kavu popote duniani ya kuukata upepo. Unazunguka dunia nzima bila kizuizi, na chini yake unapita mkondo mkubwa kuliko mikondo yote ya bahari, unaosukuma zaidi ya mita za ujazo milioni 100 za maji kila sekunde. Mito yote ya dunia ikijumlishwa haifiki hata sehemu ya hamsini ya maji hayo. Kuvuka huchukua siku mbili. Bahari ikiwa tulivu, abiria hunywa chai yao bila kushika kikombe. Ikichafuka, meli ndogo huyumba kuliko kubwa, watu hulevywa na bahari, na vyumba vya chakula hubaki vitupu. Anayependa meli ndogo akubali na hilo. Wapo wanaolikwepa kwa kupanda ndege Punta Arenas, Chile, na kutua Kisiwa cha King George baada ya saa mbili, meli ikiwasubiri huko. Naona wanapoteza kitu. Kuvuka Drake ndiko kunakokufundisha kwa nini bara hili lilikaa bila binadamu kwa muda mrefu.

Na Drake ina wenyeji wake. Nyuma ya meli huruka albatrosi, na mkubwa wao ana mabawa yanayoweza kufika mita 3.5 kutoka ncha hadi ncha, upana usiofikiwa na ndege mwingine yeyote aliye hai. Anaweza kwenda na upepo kwa saa nyingi karibu bila kupiga bawa. Ukimtazama kutoka tezi, macho yako na yake yakiwa kimo kimoja kwa sababu sitaha iko chini karibu na maji, utasahau kichefuchefu.

Siku hizo mbili zina kazi. Kila abiria huleta koti, suruali, mkoba na buti zake zikaguliwe. Mifuko hufyonzwa kwa mashine ya kufyonzea vumbi, mishono huchokonolewa kwa vibanio, nyayo za buti husuguliwa kwa brashi na kuchovywa katika dawa ya kuua viini. Kinachosakwa ni mbegu na udongo. Msafiri mgeni huona kama wanamsumbua, lakini sababu ipo na inaonekana kwa macho: karibu na kituo cha utafiti cha Poland kiitwacho Arctowski, katika Kisiwa cha King George, tayari limeota gugu la Poa annua, majani ya kawaida kabisa ya bustani za Ulaya, yaliyofika huko kwa miguu na mizigo ya watu.

Baada ya Drake ratiba huvunjika, na hapo ndipo meli ndogo inapoonyesha thamani yake. Kila jioni kiongozi wa msafara huwakusanya abiria, huwaonyesha ramani ya upepo na ya barafu, na kuwaeleza mpango wa kesho, pamoja na mpango wa pili na wa tatu kama ule wa kwanza utashindikana. Ghuba iliyokuwa wazi jana inaweza kuzibwa leo na barafu iliyosukumwa na upepo wa usiku. Meli ya watu 90 huhamia ghuba inayofuata. Huzunguka kisiwa kutafuta upande uliokingwa, na nyangumi wakitokea husimama nusu saa bila mtu kuuliza. Kwa kawaida watu hushushwa mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri, na katikati ya kiangazi cha huko, Desemba na Januari, mwanga haukatiki, kwa hiyo wengine hushuka tena baada ya chakula cha jioni.

Kushuka kwenyewe kuna adabu yake. Unavaa jaketi la kuokolea, unafika kwenye ngazi, baharia aliye botini anakushika kigasha nawe unamshika chake, kwa sababu viganja vilivyolowa huteleza. Unakaa ukingoni mwa boti. Ufukweni unageuza miguu upande wa maji na kusimama baharini hadi katikati ya muundi. Harufu ya koloni la pengwini inakupokea kabla hujawaona. Ni harufu kali ya mavi yatokanayo na samaki na krili, jamaa wa uduvi, na theluji yote iliyowazunguka imegeuka rangi ya waridi kwa mavi hayo.

Pengwini wa Rasi ya Antaktika ni wa aina tatu hasa. Wapo gentoo wenye mdomo wa rangi ya chungwa na doa jeupe juu ya jicho, wapo chinstrap wenye mstari mwembamba mweusi chini ya kidevu, na wapo Adélie wenye kichwa cheusi na jicho lililozungushiwa nyeupe. Kiota cha gentoo ni rundo la kokoto. Dume huokota kokoto moja, humpelekea jike, huinama, huiweka, kisha hurudi kutafuta nyingine. Wengi hawaendi mbali, huiba kwa jirani. Mayai huwa mawili, na mwishoni mwa Desemba na Januari vifaranga huanza kuonekana chini ya matumbo ya wazazi. Juu yao huzunguka skua, ndege wa kahawia mwenye subira, akingoja mzazi ajisahau.

Mgeni hatakiwi kumsogelea pengwini chini ya mita tano. Pengwini, ambaye nchi kavu hana adui anayemwinda akiwa mkubwa, haijui kanuni hiyo, na mara nyingi humjia mgeni, humdonoa kamba ya buti na kuendelea na safari yake. Kukaa kimya na kumwacha apite ndiyo raha kubwa ya siku. Pengwini pia wana njia zao katika theluji, mifereji waliyoichimba kwa kupita maelfu ya mara kati ya bahari na viota. Hairuhusiwi kuikanyaga. Na ukitumbukia katika theluji hadi gotini, waongozaji hukuelekeza uzibe shimo uliloliacha, kwa kuwa pengwini mwenye kimo cha sentimita 70 au 80 akiangukia humo anaweza kushindwa kutoka.

Huwezi kufanya haya ukiwa katika umati. Watu 100 wanaweza kutawanyika katika ufuko wa mita mia mbili na bado kila mmoja akapata kimya. Watu 500 wangeziba njia zote.

Usiache kuiangalia barafu kwa sababu ya pengwini. Mkondo wa Lemaire una urefu wa kilomita 11, na kuta zake huinuka wima kutoka majini pande zote mbili. Barafuto, yaani mito ya barafu inayotambaa polepole kuelekea baharini, hushuka mabondeni na kumeguka mwishoni mwake. Kipande kikimeguka, unasikia kwanza kishindo, na ukigeuka tayari maji yameinuka. Neko Harbour ni maarufu kwa hilo. Wimbi la barafu iliyomeguka linaweza kuufagia ufuko mzima, na ndiyo sababu wageni hupandishwa juu mapema na kukatazwa kuketi ukingoni mwa maji.

Siwa barafu linaloelea lina karibu sehemu tisa kati ya kumi chini ya maji. Sehemu ya buluu iliyokoza ni barafu iliyogandamizwa na uzito wa karne nyingi hadi viputo vya hewa vikasinyaa. Inanyonya mwanga mwekundu na kuurudisha wa buluu. Boti ikizimwa mashine kati ya vipande vilivyovunjika, utasikia maji yote yakitatarika: ni hewa ya kale iliyofungiwa ndani ikipasuka na kutoka. Mnamo Januari 2025 wanasayansi wa mradi wa Ulaya uitwao Beyond EPICA walitangaza kwamba wamechimba mita 2,800 ndani ya barafu ya bara hilo na kufikia tabaka la miaka milioni 1.2 iliyopita, na kutoka katika viputo vya namna hiyo wanasoma hewa ilivyokuwa tangu kabla binadamu wa leo hajakuwepo.

Barafu ni hatari pia. Ile meli nyekundu ya Lindblad, ikiwa na wamiliki wengine na kuitwa Explorer, iligonga barafu karibu na Visiwa vya South Shetland usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2007 na kuanza kujaa maji. Watu wote 154, abiria na mabaharia, waliingia katika boti za kuokolea na kukaa humo kama saa tano katika baridi kali, hadi meli ya Norway, Nordnorge, ilipowafikia na kuwachukua. Hakufa mtu. Explorer ilizama siku hiyo hiyo na iko chini ya bahari mpaka leo. Walipona kwa sababu bahari ilikuwa tulivu kiasi, na kwa sababu meli nyingine ilikuwa karibu. Meli za IAATO hujulishana ratiba na mahali zilipo, hasa kwa ajili ya siku ya namna hiyo. Tangu tarehe 1 Januari 2017 pia kuna Kanuni za Ncha za Dunia za Shirika la Kimataifa la Bahari, zinazoelekeza ujenzi wa meli, vifaa vya uokoaji na ujuzi wa manahodha wanaoingia barafuni. Kabla ya hapo, mwaka 2011, mafuta mazito ya meli yalipigwa marufuku kusini mwa latitudo 60, na meli nyingi kubwa zikaacha kwenda.

Kisiwa kidogo cha Goudier, penye Port Lockroy, kina nyumba nyeusi ya mbao iliyojengwa na Waingereza mwaka 1944 wakati wa vita. Iliachwa mwaka 1962, ikakarabatiwa mwaka 1996, na sasa ni makumbusho na ofisi ya posta. Watu hushuka kununua stempu na kuandikia nyumbani. Mimi kilichonivutia zaidi ni kwamba upande mmoja wa kisiwa wageni hawakanyagi kabisa, na wafanyakazi wa posta, pamoja na kugonga mihuri, huhesabu mayai na vifaranga vya gentoo pande zote mbili na kulinganisha. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: anayepokea wageni awe pia anapima wanachofanya.

Msomaji wa Mombasa au wa Unguja asidhani habari hizi haziko kwake. Nyangumi nundu wa Bahari ya Kusini hula krili wakati wa kiangazi cha huko, wakijaza mafuta mwilini, kisha huogelea maelfu ya kilomita hadi maji ya joto kupandana na kuzaa. Wanaopita Watamu, Unguja na Mafia wakati wa kusi, kati ya Juni na Oktoba, ni wa kundi la magharibi ya Bahari ya Hindi. Wale wa Rasi ya Antaktika kwa kawaida huenda upande mwingine wa dunia, kwenye pwani ya Pasifiki ya Colombia, Ecuador, Panama na Costa Rica. Wataalamu waliyahesabu kuwa makundi mbalimbali, kila moja na njia yake.

Halafu akatokea dume mmoja. Alipigwa picha Colombia mwaka 2013, akapigwa tena huko huko mwaka 2017. Mwezi Agosti 2022 alipigwa picha katika mkondo wa Zanzibar, kati ya Unguja na bara. Umbali mfupi kabisa kati ya sehemu hizo mbili ni kilomita 13,046, na yeye bila shaka aliogelea zaidi. Utafiti juu yake ulichapishwa Desemba 2024 katika jarida la Royal Society Open Science, ukisema hakuna nyangumi nundu mwingine aliyewahi kurekodiwa akihama umbali huo kati ya maeneo ya kuzaliana. Alifuata nini, chakula au majike, ni jambo wanalolijadili bado.

Alitambuliwa kwa picha za mkia tu. Upande wa chini wa mkia wa nyangumi nundu una madoa na makovu yasiyofanana na ya mwenzake, na mtandao uitwao Happywhale, ulioanzishwa mwaka 2015 na Ted Cheeseman, mwongozaji wa safari za Antaktika, hukusanya picha hizo kutoka kwa yeyote na kuzilinganisha kwa kompyuta. Katika Bahari ya Kusini picha nyingi hupigwa na watalii wa meli ndogo, wakiwa botini, mashine imezimwa, nyangumi akipiga mbizi mbele yao. Utajiri huu wa takwimu wanasayansi wasingeweza kuulipia kwa meli zao chache.

Kwamba nyangumi hao wapo wa kupigwa picha ni jambo la kushukuru. Katika Kisiwa cha South Georgia, Mnorwei Carl Anton Larsen alianzisha kituo cha kuchakata nyangumi cha Grytviken mwaka 1904, na katika karne ya ishirini nyangumi wa aina zote waliouawa Kizio cha Kusini walipita milioni mbili. Kwenye ufuko wa Kisiwa cha Deception, ambacho ni mdomo wa volkano uliojaa bahari, matangi ya mafuta ya nyangumi yenye kutu bado yamesimama kwenye majivu meusi. Nyangumi nundu wa kusini walipewa ulinzi mwaka 1963 walipokuwa karibu kwisha. Wamerudi, na Februari na Machi katika Mlango wa Gerlache watu huwaona kwa makumi.

Sasa gharama, na siongelei nauli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watalii wa Antaktika hawakufika 10,000 kwa msimu. Msimu wa 2023 hadi 2024 walizidi 120,000, na zaidi ya theluthi moja yao hawakushuka nchi kavu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika Nature Communications ulipima masizi yanayotoka hasa katika mitambo ya meli na kutua juu ya theluji, ambayo hufanya theluji inyonye joto. Ulikadiria kwamba kila mtalii wa miaka ya 2016 hadi 2020 alisababisha takriban tani 83 za theluji kuyeyuka mapema. Hiyo ni katika rasi iliyokwisha kupata joto la karibu nyuzi tatu katika nusu ya pili ya karne iliyopita, ambako Adélie wa eneo la kituo cha Palmer wamepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu miaka ya 1970, wakati gentoo, wasiopenda barafu nyingi ya bahari, wanazidi kusogea kusini kushika nafasi.

Ukaja pia ugonjwa. Homa kali ya mafua ya ndege, H5N1, iligunduliwa South Georgia Oktoba 2023 na kufika bara la Antaktika Februari 2024. Ililetwa na ndege wahamao, si watalii, lakini watalii wanaweza kuisambaza kutoka ufuko hadi ufuko. Baadhi ya sehemu zilifungwa, na sasa mgeni haruhusiwi kuketi, kupiga magoti wala kuweka mkoba chini.

Kanuni ya watu 100 ina kasoro moja kubwa. Inahesabu walio nchi kavu kwa wakati mmoja, haihesabu meli ngapi zitafuatana msimu mzima kwenye ufuko ule ule. Watalii wengi wa Antaktika hushukia sehemu kadhaa tu za rasi, kwa hiyo koloni moja linaweza kupokea mamia ya watu kutwa, mia baada ya mia, na sheria isivunjwe. Hapa Afrika Mashariki tulikwisha kulijibu swali hilo. Kwa sokwe wa milimani, Uganda na Rwanda huruhusu wageni wanane kwa familia moja ya sokwe, saa moja, mara moja kwa siku, na kibali kikiisha kimeisha hata uwe na fedha kiasi gani. Antaktika inahitaji hesabu ya namna hiyo: idadi ya juu ya meli kwa msimu, na idadi ya juu ya ziara kwa kila ufuko. Nchi za mkataba zilianza kujadili mfumo mpya wa utalii katika mkutano wao wa Kochi, India, mwaka 2024, na uamuzi wao hupita kwa kauli moja, jambo linalouchelewesha. Kila msimu unaopita bila kikomo unaleta meli mpya.

Kwa mwenye uwezo na nia ya kwenda, haya ndiyo ya kuzingatia. Safari ya siku kumi au kumi na moja kutoka Ushuaia huanzia kama dola 6,000 za Marekani kwa kitanda katika chumba cha watu watatu, na hupanda upesi kupita dola 15,000, bila kuhesabu ndege. Kuongeza South Georgia, yenye makundi ya sili tembo na koloni la pengwini mfalme la Ghuba ya St Andrews lenye jozi kama 150,000, ni karibu kuzidisha muda na bei mara mbili. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Argentina, na aombe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa kuwa atatoka nchini na kurudi. Bima lazima igharamie kusafirishwa kwa mgonjwa, maana hospitali iko ng'ambo ya Drake. Novemba theluji ni safi na pengwini wanajenga, Januari ni vifaranga, Februari na Machi ni nyangumi. Chagua meli isiyozidi abiria 200, iliyo mwanachama wa IAATO, na uliza inachoma mafuta gani na inachukua wataalamu wangapi. Anayeshindwa kukujibu maswali hayo usimpe fedha zako.

Na ambaye dola hizo hana, yaani wengi wetu, asubiri kusi. Kuanzia Julai hadi Septemba chukua boti Watamu au Unguja na nahodha anayezima mashine na kukaa mbali na mama mwenye mtoto. Nyangumi akiinua mkia kupiga mbizi, piga picha ya upande wake wa chini, andika tarehe na mahali, kisha itume Happywhale. Hawatozi chochote, na picha za mikia kutoka maji yetu bado ni chache mno.